Picha Fupi na Moyo wa Mtazamaji

Wahenga walisema kuwa macho hayana pazia. Maana ya methali hii ni kwamba jicho likifunguka huona lililo mbele yake, liwe la kupendeza au la kuchukiza, na mwenye jicho hawezi kulikataza. Lakini wahenga hawakusema kuwa moyo nao hauna pazia. Mtu aweza kutazama mambo mengi tangu asubuhi hata jioni, na moyo wake usishtuke hata mara moja. Tena aweza kuona jambo dogo, la kitambo kama kufumba na kufumbua, likakaa moyoni mwake miaka mingi. Insha hii ni habari ya sanaa ambayo kazi yake ni kuvuka kutoka jichoni hata moyoni kwa muda mfupi sana. Sanaa hiyo ni filamu fupi: picha ziendazo, za dakika chache au hata za dakika moja, zisimuliazo kisa kwa kuonyesha zaidi kuliko kwa kusema.

Tutaanza mbali kidogo, huko Ufaransa, ambako filamu za kwanza zilikuwa fupi kuliko zote. Kisha tutarudi Afrika Mashariki tuone namna picha hizo zilivyoletwa kwetu, na maneno yaliyosemwa juu ya watu waliozitazama. Mwisho tutasimama Thika na Ruiru, miji miwili iliyo kaskazini mashariki ya Nairobi katika Kaunti ya Kiambu. Jina la Thika limepata kutangazwa duniani kwa njia ya filamu, lakini watu wa Thika hawakuwa ndio waliosimuliwa. Hapo lipo swali ambalo kila kijana wa shule apaswa kujiuliza: huzuni na furaha ya mahali isimuliwe na nani, tena kwa njia gani?

Tarehe 28 Desemba 1895, katika chumba cha chini cha mkahawa mmoja mjini Paris, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio filamu 10. Kila moja ilidumu chini ya dakika moja, kwa sababu ukanda uliotiwa ndani ya kamera ulikuwa na urefu wa mita 17 hivi tu. Ukanda ukiisha, kisa nacho kilikuwa kimekwisha. Moja ya filamu hizo ilionyesha wafanyakazi wakitoka katika kiwanda cha ndugu hao wenyewe katika mji wa Lyon. Lango linafunguka, wanawake wenye kofia na sketi ndefu wanatoka kwa wingi, wanaume nao wanafuata, mbwa anapita katikati yao, na kila mtu anashika njia yake. Hakuna kingine. Hata hivyo watu walikaa kimya wakishangaa.

Msomaji aliyepata kusimama jioni karibu na viwanda vya Thika ameiona filamu hiyo bila ya kulipa kiingilio. Thika ni mji wa viwanda tangu zamani. Nguo zimefumwa huko, ngozi zimetengenezwa huko, na mananasi ya mashamba ya jirani yametiwa makoponi huko. Saa ya kazi ikimalizika, malango hufunguka na watu humiminika barabarani: mmoja anakimbilia matatu, mwingine ananunua nyanya na sukuma wiki kando ya njia, wa tatu anasimama akihesabu fedha alizo nazo. Kama angekuwapo mtu mwenye kamera na sekunde 50, hapana shaka angepata picha isiyopungukiwa na ile ya Lyon. Tofauti ni kuwa ile ya Lyon ilipigwa, ikahifadhiwa, na leo yafundishwa katika vyuo vya dunia nzima. Jioni za Thika zimepita maelfu kwa maelfu, na nyingi katika hizo hazikuachiwa ushahidi wowote.

Katika filamu zile 10 ilikuwamo nyingine iliyomwonyesha Auguste Lumière na mkewe wakimlisha mtoto wao mchanga bustanini. Yasimuliwa kuwa watazamaji wengi hawakumshangaa mtoto kama walivyoyashangaa majani ya miti nyuma yake, yaliyokuwa yakitikisika kwa upepo. Walizoea michezo ya jukwaani, ambayo miti yake ilichorwa juu ya nguo na haikujua upepo. Sasa waliona jani likicheza lenyewe, bila ya kuamriwa na mtu, na jambo hilo likawaingia. Mpiga picha alitaka watazame mtoto. Wao wakatazama majani. Tafadhali, msomaji, liweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwetu. Katika mwaka 1935 ulianzishwa mpango wa majaribio ya sinema ya elimu kwa Waafrika wa nchi hizi, nao uliendelea hata mwaka 1937. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Waliousimamia ni Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, nao walisaidiwa kwa fedha na shirika la Carnegie la Marekani. Notcutt alikuwa amepata kusimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na huko ndiko alikopata fikira kwamba sinema ingeweza kuwatuliza vibarua na kuwapa burudani. Filamu zilizotengenezwa zilikuwa fupi, na mambo yake yalikuwa kama haya: ugonjwa wa safura, malaria ya watoto, kilimo, kodi, na akiba ya posta. Picha zilikuwa bubu; maelezo yalitoka katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za wenyeji. Lori lilizichukua picha, mashine na kitambaa cheupe, likapita Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini.

Tuutazame mfano mmoja. Filamu ya akiba ya posta ilikuwa na kisa cha vibarua wawili waliopokea mshahara. Mmoja aliuweka wake posta. Mwingine alizifukia fedha zake chini, nyumbani mwake, na mwizi akaja akazifukua. Watengenezaji walikusudia kufundisha faida ya posta. Lakini fikiri juu ya kibarua wa shamba la mkonge au la kahawa aliyekaa chini, gizani, baada ya kazi ya kutwa, akitazama mikono ya mtu mfano wake ikifukua udongo na kukuta shimo tupu. Je, alihitaji sahani ya santuri imwambie kuwa yule mtu ana uchungu? Mikono ile na shimo lile vilitosha. Somo la posta liliweza kusahauliwa kesho yake, lakini mikono ile huenda haikusahauliwa. Hapo ndipo ilipojificha nguvu ya filamu fupi, ingawa waliotengeneza hawakuwa wakiitafuta.

Katika mwaka 1939, vita vikuu vya pili vilipoanza, Serikali ya Uingereza ilianzisha idara ya filamu kwa ajili ya makoloni yake. Mtu mkubwa katika idara hiyo alikuwa William Sellers, aliyekuwa ameonyesha filamu za afya huko Nijeria. Idara iliendelea hata mwaka 1955. Sellers na wenziwe walikuwa na kanuni zao. Walisema kuwa mtazamaji wa Kiafrika asiyesoma hawezi kufuata picha zilizokatwa na kuunganishwa upesi. Kwa hiyo kila picha na iwe ndefu na ya polepole, kamera isichezecheze, wala hadithi isiruke kutoka mahali hata mahali. Walionya hata juu ya kukikuza kitu kidogo kikajaa kitambaa kizima. Kilienea kisa cha watu walioonyeshwa mbu mkubwa kupita kiasi, wakasema kuwa kwao hakuna mbu wa ukubwa ule, basi hawana la kuogopa.

Kisa kingine kilichonukuliwa mara nyingi ni kile cha kuku. Afisa mmoja wa afya alitengeneza filamu ya dakika chache ya kuwafundisha wanakijiji kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Ilikuwa ya polepole kabisa, kama kanuni zilivyotaka. Baada ya kuonyeshwa, watazamaji waliulizwa wameona nini. Walijibu kuwa wameona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kuwa kuna kuku ndani yake! Walipoichunguza tena, picha kwa picha, walimwona kweli: kuku aliruka na kupita pembeni kwa muda wa kama sekunde moja. Kisa hiki kilitumiwa kuthibitisha kuwa watu wale hawakujua kuzisoma picha.

Lakini tuyakumbuke majani ya Paris. Wafaransa walionyeshwa mtoto, wakatazama majani, na wanahistoria wakasema kuwa hiyo ni dalili ya maajabu ya sanaa mpya. Waafrika walionyeshwa ndoo na makopo, wakatazama kuku, ikasemwa kuwa hiyo ni dalili ya ujinga. Jicho ni lile lile. Hukumu ndiyo iliyokuwa mbili. Mahali pote jicho la mwanadamu hukimbilia kilicho hai. Jani litikiswalo na upepo ni hai, na kuku arukaye ni hai. Mtu anayeondoa kopo polepole ili kufundisha, huku akijua kuwa anatazamwa, hana uhai mwingi. Wanakijiji wale hawakushindwa kuisoma picha. Waliisoma yote hata pembeni, wakachagua kilichostahili kutazamwa. Aliyeshindwa ni mwenye kamera, ambaye hakuona kilichokuwa mbele ya kamera yake mwenyewe.

Tena ushahidi mwingine ulikuwapo karibu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 watu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam walijaa katika nyumba za sinema kutazama filamu za Kihindi, ambazo lugha yake wengi wao hawakuijua. Filamu ya Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilipendwa mno Unguja. Watu walifuata kisa chake, ingawa picha zilikatwa na kuunganishwa kwa namna zote. Walicheka pa kucheka na kulia pa kulia. Kama macho yao yalikuwa mazito kama ilivyodaiwa, machozi yao yalitoka wapi?

Hapa yafaa tueleze kwa ufupi namna picha iletavyo hisia. Katika Urusi, baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, alikuwapo mwalimu wa sinema aliyeitwa Lev Kuleshov. Inasimuliwa kuwa alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji usioonyesha huzuni wala furaha, akaiunganisha mara na picha ya bakuli la mchuzi, mara na picha ya maiti sandukuni, mara na picha ya mwanamke. Watazamaji walimsifu mwigizaji kwa kuonyesha njaa, huzuni na mapenzi kwa ustadi mkubwa, ingawa uso ulikuwa ule ule mmoja. Funzo lake ni hili: hisia haikai katika uso peke yake, wala katika kitu peke yake. Yatokea kati ya picha mbili, na anayeitia hapo kati ni mtazamaji mwenyewe, kwa kumbukumbu ya maisha yake. Mwenye filamu ndefu ana saa mbili za kumzoeza mtazamaji na watu wa hadithi. Mwenye filamu ya dakika tatu hana nafasi hiyo. Analazimika kukopa kumbukumbu ambazo mtazamaji amekuja nazo tangu nyumbani: sufuria tupu, kiatu kilichotoboka, kiti ambacho mwenyewe hayupo tena. Kwa sababu hiyo, asiyewajua watu hawezi kuwatengenezea filamu fupi yenye kuwaingia. Atawaonyesha vitu, lakini hatajua kipi katika hivyo kina uchungu.

Jambo hili latufikisha Thika. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya. Watu wengi walikamatwa, na tangu mwaka 1954 jamaa nyingi za Wakikuyu zilihamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Magari ya sinema ya serikali yalipita yakieneza maoni ya serikali. Na katika miezi ya kwanza ya Hali hiyo ya Hatari, watengenezaji wa sinema kutoka Marekani walikuwa Kenya wakipiga picha za filamu ya Mogambo, iliyoongozwa na John Ford na kutolewa mwaka 1953. Thika ilikuwa miongoni mwa mahali palipotumiwa. Waigizaji wakuu walikuwa Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, na hadithi yenyewe ilihusu mapenzi ya wageni katikati ya wanyama wa porini. Mito ilionekana, miti ilionekana, na Waafrika walionekana pia, wakichukua mizigo na kupiga makasia. Nchi ilikuwa na kilio chake wakati huo, lakini filamu haikuja kwa ajili ya kilio hicho.

Baadaye, katika mwaka 1959, Elspeth Huxley alichapisha kitabu cha kumbukumbu za utoto wake katika shamba la wazazi wake Thika, kabla ya vita vikuu vya kwanza. Kitabu hicho kilichukua jina lake katika miti yenye maua mekundu kama moto. Katika mwaka 1981 televisheni ya Uingereza ilikitengenezea mchezo wa sehemu 7, na jina la Thika likaingia katika nyumba za watu wengi wa ng'ambo. Siwezi kusema kuwa kazi hiyo haina uzuri. Mtoto yule aliyaona mambo kwa macho yake na kuyasimulia kama alivyoyaona, na hiyo ni haki yake. Lakini mtoto wa kibarua wa shamba lile lile, aliyeamka saa ile ile na kuiona miti ile ile, naye alikuwa na macho. Yeye hakupata kalamu wala kamera. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Katika habari za Thika wa mbali aliingia kwanza, na mfiwa akasubiri nje.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 kusubiri huko kulianza kupungua, ingawa polepole. Shule ya kuwafundisha watangazaji na mafundi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1961 ilikua, na baadaye ikawa Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya. Anne Mungai aliongoza filamu ndefu ya Saikati, iliyotoka mwaka 1992. Katika filamu fupi, kazi mbili za Wakenya zastahili kutajwa hapa, kwa kuwa zimeonyesha namna picha iwezavyo kubeba hisia bila ya wingi wa maneno.

Ya kwanza ni Pumzi ya Wanuri Kahiu, iliyotoka mwaka 2009 na kudumu dakika 21 hivi. Kisa chake ni cha nyakati zijazo, baada ya vita vya maji, ambapo ardhi imekauka na watu huishi ndani ya majengo yaliyofungwa. Mwanamke aitwaye Asha anapata udongo wenye uhai na kuchipusha mche. Maneno ni machache mno. Twaona tone la jasho likikusanywa kama dhahabu; twaona mwanamke akitembea jangwani na mche wake; mwisho twaona akiupanda, akiunywesha maji yake ya mwisho, na kuukinga jua kwa mwili wake mwenyewe. Hakuna atuambiaye kuwa huu ni upendo. Mtu yeyote aliyepata kuona mama akimpisha mtoto chakula chake analijua jambo analolitazama.

Ya pili ni Yellow Fever ya Ng'endo Mukii, ya mwaka 2012, ambayo haitimizi dakika 7. Yahusu wanawake wanaojichubua ngozi ili wawe weupe. Mtengenezaji amechanganya michoro, picha za watu halisi na miili inayocheza. Yumo na mtoto wa kike anayezungumzia kutamani ngozi isiyokuwa yake. Hotuba ya saa nzima juu ya madhara ya mkorogo yaweza kusikilizwa na kusahauliwa. Sauti ya mtoto huyo, pamoja na picha inayotazamwa, humwacha mtu akiona aibu kwa niaba ya watu wazima wote waliomfundisha kutamani hivyo.

Leo chombo cha kupigia picha si haba kama zamani. Ndugu Lumière walihitaji kasha la mbao na ukanda wa mita 17. Notcutt alihitaji lori. Lakini simu ya mkononi hupiga picha ziendazo, na shule nyingi haziko mbali na mtu mwenye simu ya namna hiyo. Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo vya Kenya, ambalo asili yake ni mwaka 1959, limeongezewa mashindano ya filamu. Basi kijana wa Thika au Ruiru hawezi tena kusema kuwa kilichopungua ni kamera. Kinachotakiwa ni jicho lijualo liangalie nini.

Tujaribu kutunga pamoja filamu ya dakika moja. Si habari ya mtu fulani, bali ni mfano tu. Picha ya kwanza: alfajiri, mkono wa mwanamke unatia githeri katika mkebe mdogo na kuufunga kifuniko, karibu yake mtoto amelala. Picha ya pili: miguu mingi ikienda upesi njiani, giza halijatoka. Picha ya tatu: lango la kiwanda, na watu wamesongamana mbele yake wakingoja kazi ya kutwa. Picha ya nne: mkono watoka katika upenyo wa lango ukichagua, huyu na yule. Picha ya tano: lango limefungwa, na waliobaki nje wanatawanyika, twauona mkebe ule katika mkono usioondoka. Picha ya sita: alasiri, mtoto aliyevaa sare ya shule anaingia nyumbani, anauona mkebe mezani, anaufungua, anakuta githeri yote imo. Anafurahi, anakaa na kula. Mama amesimama mlangoni akimtazama. Filamu imekwisha.

Hatukuona chozi, wala hatukusikia neno. Mtoto anafurahi kwa sababu hajui, na mtazamaji anahuzunika kwa sababu anajua. Mkebe ulipofungwa alfajiri ulikuwa chakula cha mfanyakazi. Ulipofunguliwa alasiri umekuwa habari ya siku nzima isiyo na ujira. Kitu ni kile kile, kama uso wa mwigizaji wa Kuleshov, lakini picha zilizopita katikati zimekigeuza. Kama tungemfanya mama alie, na zeze lipigwe kwa huzuni, na sauti ieleze ugumu wa maisha, tungempokonya mtazamaji kazi yake. Naye akipokonywa kazi hiyo hutazama tu, kama atazamaye mvua ya mji mwingine.

Ruiru nayo ina mambo yake. Nchi hiyo ilijulikana kwa kahawa. Kituo cha uchunguzi wa kahawa kilianzishwa huko mwaka 1944, na mbegu iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, imelichukua jina la mji hata mashamba ya mbali. Siku hizi mashamba mengi ya kahawa ya upande huo yamekatwa viwanja na kujengwa nyumba. Wengine wamepata makao mema, na wengine wamepoteza kazi waliyoizoea. Mtu akitaka kuonyesha badiliko hilo kwa dakika moja, asianze kwa hesabu za ekari. Na atafute mkono wa mzee aliyechuma kahawa miaka mingi, aone namna vidole vyake vinavyojua bado kulichagua tunda jekundu na kuliacha la kijani. Kisha aonyeshe mkono huo ukipita juu ya ukuta mpya wa mawe, mahali ambapo mbuni ulisimama. Picha mbili hizo, zikiunganishwa kwa uangalifu, zasema mengi kuliko hotuba.

Lakini onyo moja ni la lazima. Kamera ni kama mgeni aingiaye nyumbani: yafaa ibishe hodi. Huzuni ya jirani si mali ya umma, wala umaskini wake si pambo la kupatia zawadi katika mashindano. Wakoloni waliwapiga picha watu bila ya kuwauliza wanataka kusimuliwa namna gani. Itakuwa aibu kubwa ikiwa sisi nasi tutafanya hivyo kwa jamaa zetu wenyewe, kwa sababu tu kamera sasa imo mfukoni mwetu. Mwombe mtu ruhusa, mweleze kisa chako, na umwonyeshe kazi ikiisha. Akisema kuwa umemkosea, msikilize, maana yeye ndiye ajuaye.

Historia tuliyoisimulia ni fupi kama filamu zenyewe, ila yatuachia jambo la kushika. Kwa miaka mingi watu wa nchi hizi waliambiwa kuwa hawajui kuzitazama picha, na kumbe walikuwa wakitazama kwa makini kuliko waliozitengeneza. Walimwona kuku. Jicho hilo hilo lililodharauliwa ndilo urithi wa kijana wa leo, nalo ndilo chombo chake cha kwanza kabla ya kamera. Padogo pako si pakubwa pa mwenzio, wasema Waswahili. Dakika moja ya lango la Thika, au ya mbuni wa mwisho katika kiwanja cha Ruiru, ni padogo kweli. Lakini ni petu, na jioni ya leo lango litafunguka tena.